Gari la Nyayo: Kuchomoza na Kuzama kwa Chapa Iliyotangulia Soko Lake

Utangulizi

Katika kituo cha magari cha Mbita, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, Kaunti ya Homa Bay, majina ya chapa za magari husomeka waziwazi. Kuna Toyota, hasa zile za aina ya Probox zinazobeba abiria wa kwenda Homa Bay; kuna Nissan na Isuzu; na baina yake hupenya pikipiki za Boxer za kampuni ya Bajaj ya India. Majina yote hayo yamezaliwa ng'ambo. Hatua chache kuelekea majini, hali ni nyingine. Mashua zilizolala ufuoni zimeundwa na mafundi wa ziwa hilo hilo, na majina yaliyoandikwa ubavuni mwake yametungwa na wenyewe.

Tofauti hiyo inazua swali: je, watu wanaoweza kuunda chombo cha majini wameshindwaje kuunda chombo cha nchi kavu? Swali hili si geni nchini Kenya. Kati ya mwaka 1986 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilijaribu kulijibu kwa vitendo. Gari liliundwa, likapewa jina, likaendeshwa mbele ya umma, kisha likatoweka bila kuuzwa kwa mwananchi hata mmoja. Gari hilo ni Nyayo Pioneer.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa kama mzaha, na mzaha huo huishia kwenye hukumu nzito kwamba Mwafrika hana uwezo wa kuunda gari. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hukumu hiyo haina msingi. Gari la Nyayo liliundwa na likaenda. Kilichokosekana ni mnunuzi, mtaji na muda, na mambo hayo matatu hayaletwi kwa amri.

Usuli wa Wazo

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Kenya haikuwa ngeni katika shughuli za magari. Katika muongo uliotangulia, viwanda vitatu vya kuunganishia magari vilikuwa vimeanzishwa: kile cha Leyland mjini Thika, cha General Motors jijini Nairobi na cha Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa. Hata hivyo, ni muhimu kutofautisha kuunganisha na kuunda. Katika kuunganisha, vipuri hufika kutoka ng'ambo vikiwa tayari ndani ya masanduku. Kazi inayobaki ni kuviunga, kuvichomelea, kuvipaka rangi na kuvijaribu. Mfanyakazi hupata ajira na ujuzi fulani, lakini michoro ya gari, hesabu za nguvu za injini na siri ya mchanganyiko wa vyuma vyake hubaki kwa mwenye chapa.

Jambo la pili ni fedha za kigeni. Misukosuko ya bei ya mafuta ya mwaka 1973 na 1979 iliubana uchumi wa Kenya pamoja na nchi nyingine zisizokuwa na mafuta. Kila gari lililoingia nchini, liwe zima au vipande, lililipiwa kwa fedha zilizotokana na kahawa, chai na utalii. Hivyo basi, wazo la gari la Kenya lilikuwa na mashiko ya kiuchumi. Halikuwa ndoto ya kujionyesha tu.

Vilevile, lilikuwa wazo la wakati wake. Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianzishwa, ukisisitiza masomo ya ufundi ili mwanafunzi ajitegemee kwa mikono yake. Katika hali hiyo, mwaka 1986, Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari. Ombi lake limebaki katika kumbukumbu za wengi kwa sababu ya masharti yake mepesi: gari liundwe hata kama litakuwa na sura mbaya au mwendo wa polepole.

Masharti hayo yanastahili kuzingatiwa. Kwa upande mmoja, yalikuwa na hekima, maana yaliwaondolea wahandisi hofu ya kulinganishwa na makampuni yenye tajriba ya miaka mingi. Kwa upande mwingine, yalinyamazia mambo mawili makuu: gari hilo lingeuzwa kwa bei gani, na nani angelinunua? Ubaya wa sura husameheka iwapo bei ni nafuu na vipuri vinapatikana. Bila hayo mawili, mnunuzi hana sababu ya kusamehe.

Jina na Utata Wake

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jina la gari hili lina mengi ya kufundisha. Neno "nyayo" lilikuwa limekwisha kutwaliwa na siasa. Moi aliposhika hatamu mwaka 1978 baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta, alitangaza kwamba angefuata nyayo za mtangulizi wake. Kauli hiyo ikakua, ikawa falsafa iliyojengwa juu ya nguzo tatu: amani, upendo na umoja. Punde si punde neno hilo likabandikwa kwenye miradi mingi. Kukawa na mabasi ya Nyayo, wodi za Nyayo hospitalini, maeneo ya chai ya Nyayo na uwanja wa michezo wa Nyayo. Nomino ya kawaida yenye maana ya alama za miguu ikageuka kuwa muhuri wa dola.

Gari nalo likapigwa muhuri huo, kisha likaongezewa neno la Kiingereza, Pioneer, lenye maana ya mtangulizi anayepita mahali ambapo hajapita mtu. Hapa pana ukinzani. Anayefuata nyayo hutembea penye njia iliyokwisha kukanyagwa. Mtangulizi hutembea pasipo na alama yoyote. Jina moja liliagiza mambo mawili yasiyopatana: utiifu na ubunifu. Ni vigumu kudai kwamba jina ndilo lililoliua gari, lakini jina hilo linafichua hali halisi ya mradi. Wahandisi walitakiwa kuvumbua, ilhali uamuzi wa fedha, kasi ya kazi na siku ya uzinduzi ulikuwa mikononi mwa mamlaka.

Inafaa kulinganisha na Tanzania. Huko Kibaha, shirika lililoanza katika miaka ya 1970 chini ya jeshi liliunda magari ya mizigo yaliyoitwa Nyumbu. Nyumbu ni mnyama mvumilivu wa safari ndefu. Jina hilo lilieleza kazi ya gari lenyewe wala halikufungamana na utawala wa mtu mmoja. Jina la Nyayo lilikuwa na mwenyewe, na jina lenye mwenyewe hupanda na kushuka pamoja naye.

Kutoka Michoro hadi Kasarani

Wahandisi wa chuo kikuu hawakufanya kazi peke yao. Karakana za Shirika la Reli la Kenya zilihusika, nazo ndizo zilizokuwa na mafundi waliozoea kusubu chuma na kukereza vipande vikubwa kwa ajili ya garimoshi. Ushirikiano huo ulikuwa wa busara: chuo kilikuwa na nadharia na hesabu, reli ilikuwa na tanuri, mashine na mikono iliyokomaa.

Matokeo yalikuwa magari matano ya mfano. Mwaka 1990 yalizinduliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani, jijini Nairobi. Kasi yake ilifikia kilomita 120 kwa saa. Kwa gari lililoombwa hata kama lingekuwa la mwendo wa polepole, kasi hiyo haikuwa haba. Ilitosha kwa barabara yoyote ya Kenya ya wakati huo, na ilizidi mno ile ambayo gari lingeweza kuthubutu katika barabara ya vumbi na makorongo kati ya Homa Bay na Mbita kabla haijatiwa lami.

Shirika liitwalo Nyayo Motor Corporation lilianzishwa ili kuzalisha magari hayo kwa wingi. Mpango ulikuwa mpana: viwanda 11 vya shughuli mbalimbali za vyuma vilikusudiwa kujengwa sehemu mbalimbali za nchi. Huo ndio uliokuwa utosi wa mradi. Baada ya hapo ukaanza mteremko. Fedha za kujenga viwanda hazikupatikana, uzalishaji haukuanza, na magari matano yakabaki kuwa matano.

Kwa Nini Gari Halikufika Sokoni

Sababu inayotajwa kwa kawaida ni ukosefu wa fedha. Ni kweli, lakini haitoshelezi. Yapo mambo matatu yanayopaswa kuelezwa.

Kwanza ni hesabu ya wingi. Kuunda gari moja la mfano na kuunda magari elfu moja kwa mwezi ni kazi mbili tofauti. Gari la mfano huweza kutengenezwa kwa nyundo, tochi ya kuchomelea na subira. Gari la soko huhitaji mashine kubwa za kushindilia mabati na kalibu za chuma kigumu kwa kila kipande cha bodi. Tuchukulie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba kalibu ya mlango inagharimu shilingi milioni 10. Ikitoa milango 100, kila mlango utabeba gharama ya shilingi 100,000 kabla hata bati halijanunuliwa. Ikitoa milango 100,000, kila mmoja utabeba shilingi 100 tu. Hii ndiyo siri ya makampuni makubwa: gharama ile ile hugawanywa kwa wanunuzi wengi. Nchi ambayo wananchi wake wengi hawawezi kununua gari jipya haina pa kuigawanya.

Pili ni ulinzi wa soko. Malaysia ilianzisha kampuni ya Proton mwaka 1983, na kufikia mwaka 1985 gari lake la kwanza, Proton Saga, lilikuwa barabarani. Hata hivyo, Malaysia haikuanzia kwenye ukurasa mtupu. Ilishirikiana na kampuni ya Mitsubishi ya Japani, ikatumia gari lililokwisha kuundwa kama msingi wake, na ikalitoza ushuru mkubwa gari la kigeni ili la nyumbani lipate nafasi ya kukua. Kenya ilichukua njia ngumu zaidi ya kutaka kuunda karibu kila kitu yenyewe, na ikaichukua wakati ambapo masharti ya wafadhili yalikuwa yakiielekeza kufungua soko. Baada ya milango kufunguliwa katika miaka ya 1990, magari yaliyokwisha kutumika Japani yalifurika. Hata viwanda vya kuunganishia magari vilivyokuwa na chapa mashuhuri viliyumba. Gari changa lingesimama vipi mbele ya mafuriko hayo?

Tatu ni siasa. Novemba 1991 wafadhili walisitisha misaada kwa serikali ya Kenya, wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi. Mwezi uliofuata mfumo wa vyama vingi ukarejeshwa, na mwaka 1992 ukawa wa uchaguzi. Mwaka 1993 thamani ya shilingi iliporomoka na mfumuko wa bei ukapaa. Mradi uliotegemea hazina ya serikali pekee haukuwa na mhimili mwingine wa kuegemea. Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Funzo la Ufuo wa Mbita

Ufundi wa mashua unaweza kusaidia kuielewa hali hii kwa ukaribu. Mashua zinazotumiwa na wavuvi wengi wa Ziwa Viktoria huitwa sese, jina litokanalo na visiwa vya Sese nchini Uganda. Hapo kale mbao zake zilishonwa kwa nyuzi. Baadaye misumari ikachukua nafasi ya nyuzi, na katika karne ya ishirini baadhi ya mashua zikafungiwa injini za kusukumia kutoka nje. Ni chombo kilichobadilika polepole mikononi mwa watumiaji wake.

Fundi wa mashua hahitaji viwanda 11. Vifaa vyake ni msumeno, randa, patasi, nyundo na keekee. Hulaza mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao, kisha akatia kalafati katika mianya ili maji yasipenye. Lakini tofauti kubwa kati yake na mradi wa Nyayo haimo katika vifaa. Imo katika mpangilio wa mambo. Fundi huanza kazi akiwa na mteja. Mvuvi hufika na haja yake, iwe ni kuvua omena usiku au mbuta katika maji ya mbali. Wanaelewana kuhusu urefu wa chombo, arbuni inatolewa, ndipo mbao hununuliwa. Soko limetangulia chombo. Kwa gari la Nyayo, chombo kilitangulia soko.

Zaidi ya hayo, fundi wa mashua hajioni mnyonge kwa kutoiunda injini. Injini ya mashua huwa na chapa ya ng'ambo, mara nyingi Yamaha, wala hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo mashua si ya ziwani. Fundi ameshika sehemu anayoimudu, amenunua asiyoimudu, na kazi inaendelea. Chombo kikivuja, aliyekiunda hayuko mbali. Mtumiaji hurudi na malalamiko, na malalamiko hayo huingia katika mashua inayofuata. Magari matano ya Pioneer hayakupata bahati hiyo. Hayakuwahi kuvuja mikononi mwa mteja, hivyo hayakupata mtu wa kuyalalamikia, na chombo kisicholalamikiwa hakirekebishwi.

Ni kweli kwamba mashua si gari. Gari lina maelfu ya vipande, na usalama wake barabarani huhitaji vipimo vya hali ya juu. Mlinganisho huu haudai kwamba kazi hizi mbili zina uzito mmoja. Unadai jambo dogo zaidi: kwamba ufundi hudumu pale ambapo mwenye haja, mwenye ujuzi na mwenye fedha wamekutana.

Kilichobaki

Gari lilizama, ila si kila kitu kilizama nalo. Shirika la Nyayo Motor Corporation lilibadilishwa likawa Numerical Machining Complex, likiwa na makao yake karibu na karakana za reli jijini Nairobi. Kazi yake ikawa kuunda vipande vya vyuma kwa ajili ya viwanda vya humu nchini, kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Kwa maneno mengine, ndoto ya gari zima ilipunguzwa ikawa kazi ya kipuri. Wapo wanaoiona hatua hiyo kuwa aibu. Kwa hakika, hapo ndipo mradi ulipofikia pale ulipopaswa kuanzia, maana nchi isiyounda vipuri haiwezi kuunda gari.

Waliojaribu baadaye walikumbana na mawimbi yale yale. Kampuni ya Mobius Motors, iliyoanzishwa Kenya na mjasiriamali Mwingereza Joel Jackson, ilileta gari gumu lisilo na madoido kwa ajili ya barabara mbovu. Ilikuwa kampuni ya binafsi, bila muhuri wa dola, na gari lake lilifikia hatua ambayo Pioneer halikuifikia, yaani kuuzwa. Hata hivyo, Agosti 2024 ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake kwa sababu ya mzigo wa madeni na gharama, kabla ya kutangaza muda mfupi baadaye kwamba amepatikana mnunuzi. Nchini Uganda, gari la umeme la Kiira, lililozinduliwa mwaka 2011, lilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Makerere kama vile Pioneer lilivyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Waganda hawakung'ang'ania gari dogo. Walielekea kwenye mabasi, wakazindua basi la Kayoola mwaka 2016 na kujenga kiwanda Jinja. Basi lina mnunuzi anayejulikana: kampuni za usafiri na mashirika ya umma. Huo ni mpangilio unaokaribia ule wa fundi wa mashua.

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi chapa ya Nyayo Pioneer ilivyochomoza kutokana na haja ya kweli ya kiuchumi, ikafikia kilele chake Kasarani mwaka 1990, na ikazama kwa kukosa soko, mtaji na muda. Imebainika pia kwamba jina lake lilibeba ukinzani uliokuwa ndani ya mradi wenyewe. Mgala muue na haki yake umpe. Wahandisi na mafundi waliounda magari yale matano walitimiza walichoombwa, tena wakakizidi, kwani waliombwa gari hata la polepole nao wakaleta la kilomita 120 kwa saa. Kushindwa hakukuwa kwao.

Kuna hatari katika kukisimulia kisa hiki kwa kicheko. Kijana wa Mbita, Migori au kwingineko anayesikia tu kwamba "Wakenya walijaribu wakashindwa" hufunzwa kwamba suala ni kipawa, na kipawa hakibadiliki. Akielezwa kwamba suala lilikuwa wingi wa wanunuzi, gharama ya kalibu, sera ya ushuru na chanzo cha fedha, ataona mambo ambayo binadamu anaweza kuyapanga upya. Kazi ya kumweleza hivyo, kwa lugha anayoielewa, si ya wahandisi peke yao. Ni kazi ya wenye lugha pia. Tangu zamani kalafati, mkuku na taruma vina majina katika Kiswahili kwa sababu watu wa pwani waliunda vyombo na kuvizungumzia. Istilahi za magari zitakomaa vivyo hivyo, siku zitakapokuwa lugha ya karakana yenye wateja mlangoni.